Mikono Mfukoni Siku ya Harusi ya Daria

Wiki iliyopita niliwaacha jikoni kwangu, simu sikioni, sufuria ya supu inaungua, na binti yangu Daria ananiambia anaolewa. Leo ni harusi yenyewe. Mwenye moyo mwepesi aruke ukurasa huu akasome bei za ngano.

Kwa waliodandia leo, nitasema kwa kifupi, maana habari zangu zikiwa ndefu zinaishia hospitali.

Mimi ni Orest Hnatiuk. Uwanjani waliniita Nati. Nilicheza hoki ya barafu ya kulipwa misimu kumi na mmoja, nikafunga mabao tisa, mojawapo golini kwetu. Sikuajiriwa kufunga. Niliajiriwa kupigana. Timu ina nyota wake mwenye miguu myepesi na sura nzuri; mtu akimgonga vibaya, mimi natumwa kwenda kumuuliza kwa nini. Kazi hiyo ndiyo iliyonitoa kwetu Saskatchewan, nchi ya ngano na baridi, na ndiyo iliyonirudisha nikiwa na goti la chuma, meno ya mbele ya kununua, na mke aliyechoka.

Mke ni Colleen. Siku anaondoka nilimbembeleza abaki. Akasema hata kubembeleza kwangu kunatisha.

Daria ni mtoto wetu wa pekee. Alinivumilia mpaka sherehe yake ya kumaliza chuo, ambako mhadhiri wake, mtu mpole, alinipiga kikumbo kwa bahati mbaya karibu na ukuta. Naomba niishie hapo. Miaka minne hatukusemezana.

Ndipo simu ikalia.

"Baba, nataka unishike mkono uniingize kanisani."

Nilikaa chini. Supu ikaungua vizuri.

"Lakini kwa sharti moja," akasema. "Mikono mfukoni. Tangu unashuka kwenye gari mpaka keki inakatwa. Hutaigusa shingo ya mtu, hutashika kola ya mtu, hutainua mkono hata kuua mbu."

"Januari hakuna mbu."

"Baba!"

"Mikono mfukoni," nikasema.

"Ukivunja, basi. Mimi na wewe tumemalizana. Si kwa hasira, Baba. Nimechoka tu."

"Sasa nitakuingizaje kanisani mikono ikiwa mfukoni?"

Akafikiri. "Utatoa mmoja. Wa kushoto."

Sikumwambia kwamba mimi napiga kwa kushoto.

Basi nikanunua suti. Nikafanya mazoezi ya kutembea taratibu, maana goti langu lina mwendo wake. Kila asubuhi nilishika ufagio kwapani nikaenda nao toka bafuni mpaka mlango wa mbele, hatua kwa hatua, mkono wa pili mfukoni. Ufagio haukulalamika.

Siku ikafika. Baridi ilikuwa ile ya kutema mate yakafika chini yameganda. Msiniulize kwa nini mtu aolewe Januari: Daria ni mtaalamu wa ngano, na huku kwetu hakuna anayeoa wala kufa wakati wa mavuno bila kusemwa.

Niliegesha gari nje ya kanisa, nikashuka, mikono mfukoni. Mzee mmoja mwenye mkongojo akanijia polepole juu ya theluji. Kofia ya manyoya, masharubu meupe. Nilipomwona macho, nikaisukuma mikono ndani zaidi mfukoni.

"Nati Hnatiuk," akasema.

"Bwana Lockhart," nikajibu.

Murray Lockhart alikuwa mwamuzi. Alianza pembeni akamalizia katikati, na filimbi mdomoni. Mnajua neno lenyewe: mwamuzi ni mtu anayeamua ugomvi. Huyu aliniamua mimi kutoka mikononi mwa watu, na watu kutoka mikononi mwangu, miaka na miaka. Kizimba cha adhabu, pale mchezaji mkosaji anapokaa dakika zake, nilikijua kwa sababu yake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

"Unafanya nini hapa?" akaniuliza.

"Binti yangu anaolewa."

"Na nani?"

"Kijana mmoja anaitwa Ewan. Anafundisha muziki. Wanasema hajui hata kuteleza kwenye barafu. Nilidhani wananitania."

"Hawakutanii," Murray akasema. "Mimi ndiye niliyemzaa."

Tukatazamana. Pumzi zetu zilikuwa zinaganda kwenye masharubu yake.

"Daria anatumia jina la mamake, na alisema baba yake ni fundi wa kuchomelea vyuma," akasema.

"Ndivyo nilivyo sasa."

"Na mikono iko wapi?"

"Mfukoni."

"Safi. Ikae hukohuko." Akaanza kwenda, akageuka. "Karibu kwenye ukoo, mkwe. Mungu ana mizaha."

Akaingia ndani. Mimi nikabaki nje, maana gari huku halilali bila kuchomekwa kwenye umeme; ukiliacha saa mbili tu injini inageuka jiwe. Nikatoa mkono mmoja, nikainama mbele ya gari, nikawa natafuta waya.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja, msije mkanihukumu kama wengine.

Barafuni watu hawavamiani ovyo kama wahuni. Kuna adabu. Unamwendea mbabe wa upande wa pili, unamgonga kidogo kwenye ugoko kwa gongo lako, halafu unamuuliza neno moja: "Twende?" Akikubali, glavu zinaanguka, mambo yanaanza. Asipotaka anatikisa kichwa na wewe unakwenda zako. Nimegongwa ugoko na watu wa kila namna, wengine warefu kama milango. Sijawahi kutikisa kichwa. Nilikuwa nalipwa nisitikise.

Basi nimeinama, natafuta waya, nikasikia kitu cha mti kinanigonga ugoko. Na sauti nyuma yangu:

"Twende?"

Nadhani Murray alilijua kosa lake kabla hata mdomo haujafunga. Mtu aliyesikia neno lile miaka thelathini, akalisema mwenyewe, tena kwa mkongojo! Kwa sababu aliongeza haraka sana, "...ndani."

Alichelewa.

Glavu zilikuwa tayari kwenye theluji. Nasema kweli tupu, sikuzivua, zilivuka zenyewe. Mazoea yana tabu. Nilipogeuka, mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshamkamata Murray mgongoni, na koti lake limeshafunikwa kichwani. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi: mfunike mwenzako nguo yake, asione, mikono yake ibanwe. Koti lake lilikuwa zuri, lenye kofia ya nyuma. Lilifunika vizuri mno.

Ngumi nilikuwa nimeshaipandisha. Ndipo kutoka ndani ya koti ikaja sauti ninayoijua kuliko ya mama yangu.

"Nati! Inatosha! Dakika tano! Kizimbani!"

Na mkono mmoja ukachomoza kwenye upindo wa koti, ukainuka juu, wima.

Miguu ikatii. Nikamwachia, nikainamisha kichwa, nikaokota glavu zangu, nikaenda. Mtu asiyecheza mchezo huu hatanielewa. Sauti ile ikisema nenda, nilikuwa nakwenda. Kubishana ni kuongezewa.

Nikiwa napita nikamwona bwana harusi. Ewan alikuwa amesimama kwenye ngazi za kanisa, mrefu, mwembamba, miwani imeingia ukungu. Ameona kila kitu. Hakusogea, hakusema. Mikono yake yote miwili ilikuwa mfukoni. Yeye ndiye aliyetimiza sharti la Daria.

Sikuwa na kizimba, kwa hiyo nikaingia mlango wa ubavuni, chumba cha kutundikia makoti. Kulikuwa na benchi. Nikakaa. Nikarudisha mikono mfukoni, ingawa nilijua nafunga zizi ng'ombe wameshatoka.

Colleen akafika kwanza. Alikuwa amependeza. Sikumwambia.

"Orest."

"Colleen."

"Uliahidi!"

"Aliniuliza twende."

"Twende kanisani, mwanamume wewe! Alikuja kukuambia bibi harusi yuko tayari!"

"Nimeelewa. Baadaye kidogo."

"Mzee wa watu ana nyonga ya bandia!"

"Mimi nina goti."

"Siyo mashindano!" Akashusha sauti, na sauti yake ya chini ndiyo mbaya. "Daria ataingia peke yake. Wewe ondoka. Toka hapa kabla hajakuona."

"Siwezi kuondoka sasa hivi."

"Kwa nini?"

"Dakika tano hazijaisha."

Alinitazama vile alivyonitazama siku ile alipoondoka na mabegi yake. Akatoka, akafunga mlango taratibu, kama chumba kina mgonjwa.

Niliumia. Nasema wazi, wala sioni haya. Nimevunjwa pua, nimevunjwa taya, nimeshonwa nyusi na daktari aliyekuwa anakula mkate mkono wa pili, na hakuna kilichouma kama benchi lile. Jambo moja tu niliombwa na mwanangu. Siyo pesa, siyo figo. Niweke mikono mfukoni. Ufagio niliuweza, mtu nikashindwa. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na mimi maisha yangu yote yalikuwa ya kuteleza.

Mlango ukafunguka tena. Daria.

Alikuwa amevaa gauni la harusi, koti zito juu yake, na chini mabuti ya theluji. Viatu vyeupe ameshika mkononi. Nikasimama.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Na yeye akakaa, gauni likajaa benchi zima.

"Nisamehe," nikasema. "Naondoka. Nilikuwa namalizia tu."

"Unamalizia nini?"

"Adhabu."

"Hakuna anayehesabu, Baba."

"Mimi nahesabu."

Akagonganisha mabuti yake theluji ianguke. Kutoka ndani tukasikia kinanda kinapigapiga wimbo wa kusubirisha watu.

"Siolewi," akasema.

Nikadhani ni masikio yangu. Yalishapigwa sana.

"Kwa ajili yangu?"

"Siyo kila kitu ni wewe! Yaani wewe na Mama, kila kitu lazima kiwe chenu." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Ni Ewan. Nilikuwa dirishani. Baba yake kafunikwa koti kichwani, anapiga kelele, na yeye kasimama pale ngazini utadhani anasubiri basi."

"Mtu wa tatu," nikasema.

"Nini?"

"Ni kanuni. Wawili wakishikana, wa tatu akiingia anatolewa mchezo mzima. Yule ni mtoto wa mwamuzi, Daria. Kanuni hiyo amenyonyeshwa. Angeingia, babake angekuwa wa kwanza kumfukuza."

"Baba, huo haukuwa mchezo. Yalikuwa maegesho ya kanisa."

"Ndiyo, lakini..."

"Na siku mimi nikivamiwa? Atasubiri filimbi?"

Nikajibu la kwanza lililonijia.

"Yule si mwoga."

"Wewe unamjulia wapi? Umemwona leo!"

Hapo nikajua nimejikanyaga. Lakini maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga.

"Amekuja kwangu," nikasema. "Mwezi wa kumi na moja. Mara tatu."

"Ewan?"

"Alikuja kuniambia nikupigie simu. Mara ya kwanza nilimfungia mlango usoni. Mara ya pili nilimfungia tena, kwa nguvu zaidi. Mara ya tatu alikuta mabomba yangu yameganda, sina maji siku ya pili. Hakuniuliza. Akaingia chini ya nyumba kwa tumbo, na kikausha nywele, akalala kule mchana kutwa akiyeyusha bomba moja moja."

Daria akanigeukia.

"Kikausha nywele changu kilipotea mwezi wa kumi na moja."

"Kiko kwangu."

"Aliniambia kimeungua!"

"Kiliungua. Lakini kiko kwangu." Nikakohoa. "Mwoga halali chini ya nyumba yangu, mimi nikiwa juu natukana. Alipotoka midomo ilikuwa ya bluu. Akasema, 'Mzee, maji yanatoka. Sasa mpigie mwanao.' Nikasema siwezi. Akasema basi, nitamwambia yeye akupigie."

"Ndiye aliyeniambia," Daria akasema polepole. "Usiku na mchana. Nilidhani amechoka kunisikiliza nikikulalamikia."

"Labda na hilo pia."

Akacheka kidogo, halafu kicheko kikageuka. Mimi sijui kumnyamazisha mtu anayelia. Nilimpa glavu yangu ajifutie. Akaipokea.

"Niambie ukweli," akasema. "Angekuwa ni babako ndani ya koti. Ungeingia?"

"Mimi? Ningeingia kabla hajaguswa."

"Na ndiyo sababu Mama alikuacha."

"Ndiyo."

"Sasa mimi nataka nini, Baba? Nimekimbia mtu wa namna yako maisha yangu yote. Nimempata asiyeinua mkono. Leo hajainua mkono, na nimemchukia! Nina wazimu?"

Nilitaka kumwambia kwamba hana wazimu, ila ana babake. Sikuwahi. Mlango ulifunguliwa kwa kishindo, ukagonga ukuta, ukarudi, ukamgonga aliyeufungua.

Ewan akaushika mlango, akaingia mara ya pili.

"Mzee Hnatiuk. Simama."

"Ewan, tunazungumza," Daria akasema.

"Nilisimama pale nje kama nguzo ya umeme. Kila mtu ameniona. Mama yako ameniuliza mimi ni mwanamume wa aina gani." Akapiga hatua moja mbele. "Simama, Mzee."

Nikasimama. Akavua miwani, akampa Daria aishike. Akakunja ngumi mbili, akaziweka mbele ya uso kama mtu anayejikinga na jua.

"Toa dole gumba nje," nikamwambia. "Ukipiga likiwa ndani litavunjika, na Jumatatu una darasa."

Akalitazama, akalitoa. "Asante," akasema. Kijana amelelewa.

"Toa mikono mfukoni," akaniamuru.

"Siwezi. Niliahidi."

"Umeshavunja!"

"Basi nisivunje tena."

Akachanganyikiwa. Akamtazama Daria, akakodoa, maana bila miwani hamwoni vizuri. Mimi nilimwona. Nilikuwa nasubiri aseme acheni upuuzi, watu wanangoja, keki inakauka. Hakusema. Uso wake ulikuwa umepata moto. Mwanangu alitaka kuona.

"Baba," akasema kwa sauti ndogo. "Usijitupe. Nitajua."

Na angejua. Tangu ana miaka minne alikaa nyuma ya kioo cha uwanja akinitazama kazini, karanga mkononi. Anajua anayeanguka kweli na anayejitupa ili mwamuzi amhurumie. Hapo ndipo nilipoona nimebanwa. Nikimshinda kijana, hakuna harusi na hakuna baba. Nikijiangusha, atajua, na mume wake atabaki yule wa ngazini maisha yote. Kilichobaki ni kupigwa kweli, na mtu yule hakuwa na uwezo wa kumpiga kweli hata mto wa kulalia.

Nikamgeuzia shavu la kulia. Hilo lilijeruhiwa katika mechi moja ya ugenini na halina hisia mpaka leo. Inyooshe ngumi, nikamwambia kimoyomoyo, piga hapo, nami nitafanya yangu kwa uaminifu.

Akapiga.

Ngumi ilitoka mbali kama mgeni anayebisha hodi kila mlango wa njiani. Nilikuwa na nafasi ya kuiangalia, kuisifu, na kujiweka sawa. Ilikuwa na uzito kuliko nilivyodhani. Nikafurahi. Nikasema, hii itanitosha.

Sikumwona Murray akiingia.

Alipita mlangoni na mkongojo wake, akaona watu wawili wamekabiliana, mmoja ameshusha ngumi. Mwamuzi huwa hastaafu. Hakufikiri, kama nami sikufikiri kule nje. Mkongojo ukaanguka, mikono yote miwili ikafunguka, akajitia katikati yetu kifua mbele, jinsi alivyojitia mara elfu.

"Ina—" akasema.

Ngumi ikampata kwenye kidevu. Akaenda nyuma, akashika fremu ya makoti, fremu ikamfuata, na makoti ya harusi nzima yakamwangukia.

Kule ndani kinanda kilinyamaza.

"Dad?" Ewan akasema. Lilikuwa neno la mtoto mdogo.

Murray hakujibu. Nikapiga magoti, nikafukua makoti, nikamfikia. Kazi yangu ya zamani ilinifunza kujua mtu aliyezimika. Alikuwa anapumua vizuri, rangi iko, atarudi muda si mrefu. Nikamfungua kola apate hewa. Ndiyo, kwa kumfungua kola nilitoa mikono mfukoni.

Na hivyo ndivyo Colleen alivyotukuta. Yeye, mchungaji, na nusu ya wageni nyuma yao, shingo zimerefuka. Mzee chini. Mimi juu yake, magotini, mikono yote miwili kwenye kola yake.

"Orest!"

Hakuuliza ni nani. Hakuna aliyeuliza.

"Mara ya pili!" Colleen akapiga kelele. "Mzee yuleyule! Siku moja!"

"Jamani, aitwe polisi," mtu akasema nyuma.

"Anapumua," nikasema. "Atazinduka. Mpeni nafasi tu."

"Usimguse! Toa mikono yako!" Colleen alikuwa analia. "Daria, mwanangu, ulisema mwenyewe. Akiinua mkono, basi. Sasa mwambie. Mwambie aende, asirudi tena."

Wote wakamtazama Daria, isipokuwa mimi. Mimi nilimtazama Ewan. Alikuwa amesimama na ngumi yake hewani bado, hajui aiweke wapi. Nikaona yote yaliyo mbele yake: ataitwa mtu aliyemzimisha baba yake mzazi siku ya harusi yake. Ukoo wa Lockhart hautasahau. Kila Krismasi, kila mazishi. Na Daria akae kwenye ukoo huo.

Kwenye hoki, kipa akifanya kosa haendi kizimbani. Hawezi kuacha goli wazi. Anakwenda mwenzake kumkalia adhabu, na kocha humtuma yule ambaye timu haitamkumbuka akikosekana. Kwa timu zote nilizochezea, nilikuwa natumwa mimi. Nilikaa kwa makosa ya makipa mpaka baadhi ya makipa walinitumia kadi za sikukuu.

Nikasimama.

"Ni mimi," nikasema. "Nimempiga mimi. Naomba radhi kwa wote. Naondoka."

Colleen akafumba macho. Mchungaji akasema, "Mungu wangu." Watu wakanifungulia njia mlangoni, upana wa kutosha wawili.

Nikaanza kwenda. Nilikuwa nimeshapiga hatua zangu zile za ufagio, nikasikia Daria.

"Ewan."

Sauti haikuwa kubwa. Nikasimama bila kutaka.

"Umesikia alivyosema Baba?"

"Nimesikia," Ewan akajibu.

"Ni kweli?"

Nikageuka. Daria hakunitazama mimi hata kidogo. Alikuwa amemkazia macho mchumba wake, miwani yake mkononi, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa unangoja. Ndipo nikaelewa nilichokifanya. Nilidhani nimemkinga kijana. Kumbe nimemwekea mlango wazi wa kutokea, na bibi harusi amesimama hapo kuona kama ataupita.

Sema, nikamwomba kimoyomoyo. Sema ni wewe, mwanangu. Kanusha maneno yangu, niite mwongo mbele ya kanisa zima. Sijawahi kumwombea mtu anishinde kama nilivyomwombea yule.

Ewan akawatazama watu mlangoni, mmoja mmoja, macho yamekodolewa. Akamtazama babake pale chini kwenye makoti. Akaishusha ile ngumi.

"Mimi," akasema, kisha akapiga magoti kando ya babake. "Ngumi ilikuwa yangu, si yake."